‘Hapa Hakuna Mlemavu’: Fundi Viatu Aliyeligomea Daftari

Saa tatu asubuhi, Mama Soli ameshamaliza kiatu cha kwanza. Anakipakata, anaigonga soli kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Unene wake ni vidole vitatu. Ni cha mteja ambaye mguu wake wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia.

“Kimoja cha dukani, kimoja cha kwangu,” anasema, sindano ikiwa imebanwa kwenye meno.

Fundi huyu wa miaka hamsini na mmoja anaijua kazi hiyo kwa mguu wake mwenyewe, ulioachwa mfupi na polio. Kwa miaka kumi na tisa, wateja wake wa soli nene walikuwa karibu wote wanaume. Hakulitilia maanani, mpaka mwaka juzi alipokwenda ofisi ya mtaa kuomba fimbo ya kutembelea.

Karani alifungua daftari la watu wenye ulemavu. Wanaume sitini na wanne. Wanawake ishirini na mmoja. Yeye hakuwemo.

“Wanaume ndio wanaoumia, mama. Viwandani, kwenye pikipiki,” karani alimweleza.

“Na mimi hapa mbele yako, nimekuja kucheza?”

Nyumbani alimuuliza mumewe, fundi baiskeli, nani aliwajibu waandikishaji wa daftari hilo walipopita nyumba kwa nyumba.

“Mimi. Nikawaambia hapa hakuna mlemavu. Mke wangu anapika, anafua, ana kazi yake. Nilikuwa nakusifu, mke wangu!”

Mama Soli anacheka sasa. Siku ile hakucheka. “Mwanamume akilemaa, kazi inasimama, kila mtu anaona. Mwanamke akilemaa, chakula kinaiva vilevile. Nani atamhesabu?”

Jumapili iliyofuata alinunua daftari la shule akaanza kubisha hodi. Nyumba ya nne, baba mmoja alimzuia mlangoni.

“Humu hatuna watu wa namna hiyo.”

“Baba, mimi nipo,” ilisikika sauti ya msichana kutoka ndani.

Baba aligeuka. “Ukiandikwa, nani atakuoa?”

“Na nisipoandikwa, wamekuja wangapi?” Binti alijisogeza kwa mikono hadi kizingitini, akamtazama mgeni. “Shikamoo, shangazi. Andika.”

Baba akampisha fundi aingie.

Zilipita Jumapili kumi na moja. Daftari lilikuwa na majina hamsini na nane ya wanawake, la kwanza likiwa lake. Alipolipeleka ofisini, karani alilisukuma kando: hilo si la serikali, alisema.

Kesho yake Mama Soli alirudi na wenye majina hayo. Wengine walikuja kwa magongo, wengine kwa viti vya magurudumu, binti yule mgongoni kwa baba yake. Walijaza mabenchi, wakajaza na ngazi. Hakuna aliyepiga kelele.

“Tumekuja kuhesabiwa,” alisema fundi. “Hatuna haraka.”

Karani aliandika mpaka saa kumi na moja jioni. Wanawake sasa ni sabini na tisa.

“Ofisini wanasema wanawake wameongezeka. Nani kaongezeka? Tulikuwepo!”

Sasa ana lake jipya. Anataka waandikishaji wasimuulize mwenye nyumba, wamuulize kila mtu mwenyewe. Tena ameshasikia habari za mtaa wa ng’ambo ya reli.

“Daftari lao lina wanawake saba. Saba, mtaa mzima! Jumapili hii naanza na nyumba ya mwenyekiti wao. Nasikia ana dada ambaye haonekani nje.”