Supu Isiyo na Chumvi

Mume wangu alipofariki aliniachia mbwa. Vitu vingine ndugu zake walivibeba baada ya matanga, hata redio, ila mbwa hakuna aliyemgusa. Marehemu alikuwa mlinzi wa ghala bandarini, na huyo mbwa ndiye mwenzake wa kazi. Wakirudi asubuhi walikula pamoja nyuma ya nyumba, yeye kwenye kigoda, mbwa miguuni, na kabla ya tonge la kwanza humwambia, "Karibu tule, swahiba." Nilikuwa nikimcheka. Mbwa gani anakaribishwa chakula?

Baada ya mazishi mbwa akagoma kula. Akakonda, mbavu zikawa nje nje. Niliogopa, na sioni haya kusema. Hapa mjini hakuna mwingine aliyekuwa akimngoja mume wangu kama mimi. Huyu naye akifa, nitamkumbuka na nani?

Nikaanza kumpikia supu. Ilikuwa miaka ile ya foleni, hata mifupa ya bucha pale Kariakoo uliidamkia. Nikipata mifupa ya goti na kwato, naichemsha tangu mchana kwa moto mdogo wa mkaa mpaka uboho utoke wenyewe. Natia boga na mchicha kidogo. Chumvi sitii, wala vitunguu. Marehemu alisema vitunguu ni sumu kwa mbwa. Ikipoa naengua mafuta, natoa mifupa yote isije ikamkwama kooni. Namwekea bakuli nyuma ya ukuta wa uani, naondoka. Asubuhi naikuta vile vile, imejaa sisimizi.

Na harufu sasa! Nyumba nzima tuliyopanga ilikuwa ya Waislamu, watu wa pwani, mimi peke yangu Mkristo wa kutoka Kusini, na siku zote tulipelekeana vyakula bila neno. Lakini ningewakaribishaje kwenye sufuria ya mbwa? Na ningeanzia wapi kusema watu wanakosa mifupa, mimi nampikia mbwa? Nikanyamaza. Wao wakaniona mchoyo. Mama mwenye nyumba, aliyenishika mkono siku ya msiba, nikimwamkia, "Shikamoo, bi mkubwa," anajibu "Marahaba" huku anatazama kando. Sahani zikaacha kuja mlangoni kwangu. Jioni nawasikia wanacheka uani, nami nimejikalia kitandani, mlango nimeurudishia. Upweke ule, jamani, we acha tu.

Jioni moja nikachoka. Nikabeba kigoda cha marehemu, nikakaa pale kwa mbwa, nikajimiminia supu kwenye kikombe changu. Nikapaza sauti, kwa hasira hasa, "Haya, karibu! Karibu tule, basi!"

Mbwa akainua kichwa. Akanitazama weee, halafu akaanza kunywa.

"Ahsante, nimekaribia," sauti ikatoka nyuma yangu. Ni mama mwenye nyumba, kikombe mkononi. "Nilijua ipo siku utanikumbuka."

Nikainuka kigodani. "Bi mkubwa, nisamehe. Nilikuwa namkaribisha huyu. Supu ni yake, tangu mwanzo ni yake."

Akamtazama mbwa, akatazama sufuria, kisha kikombe changu. "Na wewe unakunywa ya mbwa?"

"Amekataa kula peke yake."

Akageuka akaenda zake, nikasema basi, kesho nafukuzwa. Nililia palepale, mbwa analamba bakuli lake mpaka likang'aa.

Mara nikasikia ndara zake zinarudi. Amebeba sufuria yake mwenyewe, tupu, ina mfuniko. Akaiweka chini, mbali kabisa na mbwa.

"Kumbe na wewe huwezi kula peke yako," akasema. "Si ungesema, mwanangu?" Akaisukuma ile sufuria kwa mguu, ikanifikia. "Kesho utanipikia humu. Na chumvi utie, mimi si mbwa."