Konokono Aliyepaswa Kuitwa kwa Jina la Papa

Papa, baba yetu, aliliokota gamba lile la konokono kwenye ukingo wa dirisha la chumba chake, dirisha ambalo wakati huo lilikuwa tayari limefikiwa na maji. Ziwa lilikuwa limepanda polepole, msimu baada ya msimu. Liliingia uani, likaingia jikoni, na mwisho likalala juu ya kitanda ambacho sisi sote tulizaliwa juu yake. Tulikuwa tumehamia mlimani, katika vyumba viwili vya kupanga, na siku hiyo Papa alikuwa ameteremka kwenda kung'oa mlango wa mbele kabla haujaoza. Alirudi bila mlango. Alirudi na ngumi iliyofumbwa, suruali imelowa hadi kiunoni, akaifumbua mbele ya dada yangu mkubwa.

"Mama," akamwambia, maana hivyo ndivyo anavyomwita binti yake wa kwanza, "weye njo mwenye kusomea konokono. Huyu njo nani?" Kwetu husemwa "njo" badala ya "ndiye".

Dada yangu, ambaye mimi humwita Yaya, alikuwa akifanya utafiti juu ya konokono wa ziwa letu, katika labo, maabara ndogo yenye meza moja nzuri na madirisha yasiyofunga. Alilichukua lile gamba kwa ncha za vidole. Lilikuwa fupi kuliko kidole chake kidogo, jeupe, limejisokota kuelekea juu, na mizunguko yake ilipita karibu karibu bila kugusana. Juu ya mizunguko hiyo zilisimama mbavu nyembamba, moja baada ya nyingine, kutoka mdomoni hadi kileleni.

"Simjui," akasema Yaya. Sikuwahi kumsikia akitamka neno hilo kwa furaha namna ile.

Inabidi nieleze jambo moja ambalo kwetu hata watoto wanalijua. Konokono wa Ziwa Tanganyika wamejifananisha na wa bahari. Wako wenye miiba, wako wenye mbavu, wako wazito kama walizaliwa katika chumvi. Wageni wa kwanza kuwaokota walidhani ziwa hili ni kipande cha bahari kilichosahaulika barani. Walikosea, na kila anayesomea konokono wetu hufundishwa kosa hilo kabla ya kufundishwa kitu kingine: ukiona gamba linalofanana na la bahari, usiseme bahari. Yaya alilishika somo hilo kama anavyoishika sala ya Baba Yetu. Alinionyesha kwenye kitabu cha Kifaransa picha ya konokono wa bahari ambaye ukoo wake umepewa jina la ngazi ya kuzunguka. Alikuwa yule yule. Mbavu zile zile, weupe ule ule.

"Unaona?" akaniambia macho yakiwaka. "Kama mapacha! Njo kazi ya ziwa letu. Linaiga mpaka linapita mwalimu."

Tulipokuwa tukila bukari na ndakala, yaani ugali na dagaa, alimweleza Papa. Konokono asiyejulikana hupewa jina na yule anayemweleza kwa mara ya kwanza, na yeye angempa jina la Papa.

"Jina langu? Kwa Kilatini?"

"Kwa Kilatini, Papa."

"Kama misa ya zamani," akasema, akacheka hadi akapaliwa. Tangu maji yalipoingia jikoni hatukuwa tumemsikia akicheka.

Lakini gamba moja tupu halitoshi. Ili kumpanga konokono katika ukoo wake, unamhitaji mwenyewe, na mwili wake, na kile kifuniko kidogo anachojifungia mlango, na ulimi wake wenye meno ambayo jicho peke yake haliyaoni. "Tungepata mwingine," Yaya akasema huku akinawa mikono. "Hata mmoja tu, mzima." Alikuwa akijisemea. Papa alisikia.

Kuanzia asubuhi iliyofuata alianza kuteremka kwenye nyumba yake na beseni na chekeche. Tulimkataza. Maji yale hayakuwa maji ya ziwa tu. Vyoo vya mtaa mzima vilikuwa vimefurika ndani yake, na mara moja moja kiboko alionekana akipita palipokuwa barabara. Papa alituuliza, bila hasira, aombe ruhusa kwa nani ili aingie chumbani kwake.

Akina mama waliokuwa wakifua kwenye ngazi za nyumba iliyozama walimngojea kama watu wanaongojea mchezo.

"Papa! Leo umevua nini sebuleni?"

"Muache! Samaki mikebuka iko imelala kwenye kitanda chake, anaogopa kuiamsha!"

"Municheke tu," Papa akawajibu. "Siku moja watoto wenu watasoma jina langu kwenye masomo. Na wakikosa kuliandika, sifuri!"

Nilikuwa nikiteremka naye na kumshikia beseni. Sikuwa na msaada mwingine. Alikuwa akiinama, akichota mchanga wa chumba chake mwenyewe, akiuchekecha, na juu ya chekeche vikibaki misumari, kifungo, makaa, kipande cha sahani ya marehemu mama yetu. Kila kitu alikitazama, kisha akakirudisha majini, kama mtu anayepanga nyumba.

Yaya, kwa kuwa mimi naandika hadithi, aliniomba nimsaidie kuandika maelezo ya lile gamba. Niliandika kwamba ni jeupe kama maziwa, na mbavu zake ni kama vidato vya ngazi ya kanisa. Akafuta. "Hakuna 'kama'," akaniambia. "Konokono hafanani na kitu. Sema alivyo." Nilijaribu tena, nikashindwa, kwa sababu maneno yangu yote yalikuwa yakikimbilia kitu kingine. Hapo ndipo aliponieleza kwamba kila ubavu ulikuwa mdomo. Konokono hukua, kisha husimama, huunenepesha ukingo wa mdomo wake kana kwamba amefika. Halafu huendelea na kuuacha nyuma. Mbavu ni mahali pote alipodhani amefika.

Kisha bati lililozama likamchana Papa muundini. Kidonda kilikataa kupona. Muuguzi alimkataza kabisa kuingia majini, naye akaitikia kwa adabu, akaenda nyumbani, akaufunga mguu kwa mfuko wa plastiki na mpira wa tairi, akateremka. Jioni mfuko ulikuwa ukining'inia kwenye msumari mlangoni, ukichuruzika. Yaya aliutazama kila alipopita. Alianza kuondoka mapema zaidi kwenda labo. Alidhani akimaliza haraka, hata kwa gamba moja, Papa ataacha.

Nilikuwepo alasiri ile. Katika mzunguko wa pili wa gamba kulikuwa na tundu dogo, ambalo Yaya alikuwa ameliandika kuwa ni jeraha. Sasa alikuwa akiligeuzageuza chini ya lupe, kioo chake cha kukuzia. Kaa wa ziwa letu humvunja konokono kuanzia mdomoni, kama unavyomenya chungwa. Hapa mdomo ulikuwa mzima. Na tundu lilikuwa la mviringo, safi, na kwenye ukingo wake mmoja palikuwa na kijifereji laini, kimechimbwa na kitu kilichopita hapo tena na tena.

"Uzi," Yaya akasema. Akaweka lupe chini. "Lilivaliwa."

Hatukwenda kwa Papa. Tulikwenda kwa Bibi mmoja wa Kiislamu, jirani ambaye ukuta wake na wetu ulikuwa mmoja kabla haujaanguka. Wazee wake walifika ziwani na biashara ya zamani, kutoka pwani. Tulimkuta kwa binti yake, amekaa mkekani. Aliliweka gamba kiganjani, akalisogeza karibu na jicho, kisha akaligusisha kwenye meno yake ya mbele.

"Njo yangu," akasema. "Ya mukufu wa nyanya yangu. Ilikuwa ndani ya mukebe, juu ya kabati. Mukebe ulienda na ukuta."

Yaya alimweleza yote. Bibi akacheka hadi ushungi ukamteleza kichwani.

"Kwa hiyo mulitaka kumubatiza konokono wangu? Amekaa Muislamu siku zote, leo mumupe jina la Mukatoliki, tena kwa Kilatini!"

Tulicheka sote. Yaya ndiye aliyeacha kwanza. Bibi aliona.

"Baba yenu anajua?"

"Bado, Bibi."

Bibi akamrudishia gamba na kumfunga vidole juu yake. "Kaa nalo, mwanangu. Mumupe jina muzee wa watu. Konokono hatasema."

Yaya alitikisa kichwa. Gamba likibaki la ziwa, Papa ataendelea kumtafuta mwenzake, na mguu utaoza. Akaliacha mkekani.

Alimwambia Papa jioni ile ile, barazani, beseni likiwa bado magotini mwake. "Papa, si wa ziwa. Ni wa bahari, alivaliwa na watu. Jina analo, alipewa zamani. Mimi njo nimekosea."

Papa hakuuliza juu ya jina.

"Kule baharini wako wengi?"

"Wako wengi."

"Na hapa alikuwa peke yake."

"Peke yake, Papa."

Alitazama chini kulikokuwa na mapaa ya mtaa wetu, meusi juu ya maji. "Amefanya safari," akasema. Kisha akaingia kulala.

Tulidhani imekwisha. Ndiyo maana tulikuwa tumemwambia: ili aache kuteremka. Asubuhi mfuko wa plastiki haukuwa kwenye msumari. Nilimkuta chumbani kwake, maji kiunoni, akichekecha.

"Papa, huyo konokono hayupo."

"Nimesikia," akanijibu, akainama tena.

Jioni alipandisha beseni limejaa. Walikuwa konokono wa ziwa: wenye miiba, wenye mbavu nene, weusi, wa kijani, wadogo kama punje za mtama. Aliliweka mbele ya Yaya, akaketi, akanyoosha mguu nikaanza kuufungua. Akachagua mmoja.

"Huyu ana jina?"

Yaya alitoa lupe mfukoni, akamtazama kama ilivyompasa. "Ana jina, Papa."

"Na huyu?"

"Ana jina."

Nilivuta mpira wa tairi. Maji ya kahawia yakamwagika kutoka kwenye mfuko, yakanipita vidoleni, ya vuguvugu, na harufu yake ikajaa barazani. Papa hakuangalia. Alichagua mwingine, akampangusa matope kwa kidole gumba, taratibu, akamsogeza mbele.

"Na huyu?"

Yaya akainama juu yake, akamgeuza chini ya lupe, akaanza kuhesabu mbavu zake upya.