Tulikitaja Kioo Mbele za Mungu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa nzima kabla ya wakati, nikasimama mbali na lango la kiwanda nikinyeshewa, kwa sababu niliogopa kuonekana nina pupa. Ndivyo nilivyo. Nina miaka thelathini na sita na nimeshaacha kazi, na najua kumbukumbu za namna hii huandikwa na watu wenye mvi. Lakini vijana wanaoingia kwenye kazi ya boila wameniuliza mara nyingi ilikuwaje, na kila mara nimewajibu nusu. Hapa nitajaribu kujibu yote.

Kiwanda kilikuwa cha majani chai, kwenye milima ya upande wa Othaya. Injinia wa kiwanda, mtu mnene mwenye sauti ndogo, alinihoji huku akinywa uji.

"Umesomea wapi hii kazi?"

"Sijasomea. Nilinunua kitabu kuukuu pale Nyeri mjini, nikasoma peke yangu."

"Chote?"

"Mara nne."

Aliendelea na uji wake. "Basi utaanza na kuni. Kuni haina kitabu."

Nilipanga kuni mwaka mzima. Nilijifunza kwamba mkaratusi mbichi hula moto badala ya kuulisha, na kwamba rundo lazima liachiwe nafasi upepo upite. Nililipanga rundo langu sawasawa hata wenzangu wakaniuliza kama kuna mgeni anakuja kulala humo. Mwaka ulipoisha nikapelekwa kwenye moto wenyewe, chini ya msimamizi wa boila. Yeye alikuwa mtu wa Wamagana, kijiji changu, amenizidi miaka ishirini, mzee wa kanisa letu. Kiwandani wote walimwita Baba Wangechi.

Boila ni tangi kubwa la chuma lenye mabomba ndani yake. Moto hupita ndani ya mabomba, maji huyazunguka, na mvuke unaopatikana ndio hukausha majani. Maji yakipungua mpaka mabomba ya juu yakabaki wazi, chuma hulainika, na chuma kilicholainika hupasuka. Huwezi kuchungulia ndani ujue maji yako wapi. Unachoangalia ni kioo cha maji, kijibomba chembamba kilichosimama mbele ya boila, na kiasi unachoona humo kinapaswa kuwa sawa na kilichomo ndani. Nasema kinapaswa. Maji ya milimani huacha ukoko, na ukoko ukiziba ile njia ndogo ya kuingia kwenye kioo, maji unayoyaona hubaki palepale hata kama ndani yamekwisha.

"Hiyo kioo inaweza kukuonyesha maji ya jana," Baba Wangechi aliniambia. "Kwa hivyo kila tukibadilishana shifti, tunapuliza."

Kupuliza kioo ni kufungua vali ya chini, maji yote yatoke kwa nguvu ya mvuke, kisha kufunga. Yakirudi upesi, njia iko wazi. Yakipanda polepole, zima moto kwanza, maswali baadaye. Hapohapo unapuliza pia kijumba cha boya, ambalo kazi yake ni kupiga kengele maji yakipungua. Anayetoka na anayeingia hufanya haya pamoja, kisha wote wawili wanatia sahihi kwenye kitabu cha shifti. Ni dakika mbili au tatu.

Sasa nieleze hofu yangu, maana bila hiyo hamtaelewa kilichofuata. Niliogopa boila kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Nilikiangalia kile kioo kila baada ya dakika chache, nikakipangusa kwa kitambaa, nikaangalia tena.

"Wewe, wacha hiyo kioo ipumue," Baba Wangechi alikuwa akiniambia. "Inang'aa kushinda miwani ya askofu."

Nilicheka, nikakipangusa tena. Kuna siku nilikaa nyuma ya rundo la kuni nikashindwa kuinuka. Baba Wangechi alinikuta hapo. Aliketi juu ya gogo, akavua kofia, akaniombea kwa Kikuyu, maneno machache tu, kwamba Bwana amlinde kijana huyu na kazi ya mikono yake. Niliinuka nikaweza kufanya kazi. Siku iliyofuata nikamwomba tuombe tena.

"Tutaomba," alisema. "Tukipuliza kwanza."

Ikawa desturi yetu. Waliokabidhiana boila tulikuwa sisi wawili tu, mimi na yeye. Saa nane mchana, wakati wa kubadilishana, tulipuliza kioo, tukatia sahihi, tukashikana mikono mbele ya mlango wa moto tukaomba. Wengine walituonea wivu. Injinia mwenyewe alipita siku moja akasimama kofia mkononi.

Lakini mimi sikuwahi kuridhika na jambo lililofanywa nusu. Nilianza kuogopa kwamba nikisahau kukitaja kitu, Mungu hatakilinda. Nikawa nataja. Linda vali ya usalama. Linda pampu. Linda boya na kengele. Linda kioo. Nikisahau kimoja nilirudi mwanzo, na Baba Wangechi, kwa upole wake, alisubiri. Sala ya dakika moja ikawa ya nne, kisha sita.

Mvua za masika zilikuja na majani mengi. Watu wa mashine za kukausha walipiga kelele wakitaka mvuke, na hatukuwa tena na dakika za kila kitu. Siku moja tuliomba, tukatia sahihi, na tukaacha kupuliza. Maji yalikuwa nusu ya kioo, wazi kabisa, na kioo chenyewe kilikuwa kisafi. Kesho yake tukaacha tena. Hakuna aliyesema tuache. Kila mmoja wetu, nadhani, alihisi makabidhiano yamekamilika tulipoachana mikono na kusema amina. Kitabuni tuliendelea kuandika kwamba kioo kimepulizwa. Tulifanya hivyo karibu wiki tatu. Kila siku tulikitaja kioo mbele za Mungu, na vali yake hatukuigusa.

Siku yenyewe mimi nilikuwa natoka, yeye anaingia. Tuliomba. Maji yalikuwa nusu. Nilivua ovaroli, nikavaa koti, na nilikuwa karibu na lango niliposikia sauti kama ya bati refu linalopasuliwa kwa mikono. Haikuwa kubwa. Nilipogeuka, mvuke ulikuwa unatoka kwenye milango na madirisha yote ya chumba cha boila. Baba Wangechi alikuwa amefungua mlango wa moto aongeze kuni, ndipo bomba la juu likapasuka, na mvuke ukamrudishia makaa yote. Tulimtoa akiwa hai. Uso na mikono yake sitavieleza.

Mafundi walipofungua boila walikuta njia ya kioo imezibwa na ukoko, na boya limegandia mahali pake. Injinia alifungua kitabu cha shifti mbele yangu.

"Hapa imeandikwa mlipuliza. Hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu."

"Mlipuliza?"

"Tulipuliza," nilisema.

Kule Wamagana nilipokelewa kama mtu aliyefufuka. Kila nyumba walihesabu zile dakika chache kati yangu na kifo na kusema ni mkono wa Bwana. Mama alilia akinishika mashavu. Mchungaji alikuja nyumbani mwenyewe.

"Kijana, umetolewa motoni," alisema. "Jumapili utatupatia ushuhuda. Watu wako na shida nyingi siku hizi, wanahitaji kusikia Mungu analinda."

Nilikubali. Nakiri hata nilifurahi. Maisha yangu yote nilitaka kuambiwa kwamba niko salama, na sasa kijiji kizima kilikuwa kinaniambia. Kama ningesimama na kusema Mungu alinilinda, jambo lingefungwa, na sahihi yangu ingefungwa nalo. Niliandaa maneno. Yalikuwa mazuri. Kila nilipoyasoma nilifika mahali palepale na kukwama, kwa sababu ukisema mkono wa Bwana ulinitoa mimi, lazima useme pia ulimwacha nani, na kwa nini.

Jumapili kanisa lilijaa. Mama Wangechi, mke wa Baba Wangechi, alikuwa safu ya tatu na kitambaa cheupe kichwani. Alikuwa ametoka kulala kwenye kiti cha hospitali. Niliitwa. Nilisimama, nikashika kipaza sauti, nikasalimia, kanisa likaitikia. Halafu nikamwona amefungua mikono juu ya mapaja, tayari kupiga makofi kwa ajili yangu.

Nikasema, "Sina ushuhuda. Niko na kitu cha kukiri."

Nilieleza kioo na kupuliza, kama nilivyowaeleza ninyi. Nilisema mimi ndiye niliyerefusha sala mpaka kazi ikakosa nafasi. Nilisema nilitia sahihi ya uongo, na kwamba nilimdanganya injinia. Nilisema sijui kwa nini niko mzima, na naomba mtu yeyote asiseme ni kwa sababu nililindwa, maana aliyechomeka aliomba sala ileile, amenishika mkono. Nikaketi. Mchungaji aliomba tuimbe, na wimbo ulianza mara mbili kabla watu hawajaushika.

Nje, Mama Wangechi alinijia moja kwa moja. Nilidhani atanipiga, na nilitaka anipige.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Basi twende ukamwambie yeye. Sisi umeshatuambia."

Tulienda siku hiyohiyo. Baba Wangechi alikuwa amefungwa bendeji mpaka mabegani, jicho moja tu likionekana. Nilianza kueleza, akanikatiza.

"Ati unaniambia nini? Mimi pia nilikuwa hapo. Sahihi ni mbili."

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Nimekusamehe. Lakini usiniletee habari ati Mungu alikuwa na mpango. Mchungaji ameniletea hiyo jana, nikageukia ukuta. Mpango ilikuwa kwa kitabu ya shifti. Tuliiandika sisi wenyewe, halafu hatukufanya."

Jumatatu nilikwenda kwa injinia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniambia siku ile ningekufuta kazi kwa hasira," alisema. "Sasa nakufuta kwa utaratibu." Kisha akasema malipo ya matibabu ya Baba Wangechi hayataguswa, jambo ambalo niliogopa hata kuuliza.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa dobi, yaani mahali pa kufulia, katika hospitali moja ya Nyeri, kwenye boila ndogo ya kuchemshia mashuka. Msimamizi wa dobi, mama mkali aliyechukia maneno mengi, nilimweleza habari yangu yote siku ya kwanza. Alisema, "Sawa. Hapa tunapuliza mara mbili." Nilikaa naye miaka minne. Sikuomba kwa sauti hata siku moja. Hofu ilirudi kama zamani, na niliifanyia kazi nikiwa nayo. Mwishowe moshi ulinishika kifua, daktari akaniambia nichague kati ya kazi na kifua, nikarudi Wamagana kwa ng'ombe wawili na shamba la mama.

Mtaniuliza kama bado naamini Mungu hutulinda. Naamini, kwa unyonge. Zamani niliitaka imani iniondolee woga, na nilipoona woga umepungua nilifikiri ndiyo kazi imefanyika. Sijui ulinzi wake unapitia wapi. Najua kwa wiki tatu ulikuwa umepewa nafasi ya dakika mbili za kupuliza kila siku, na sisi tukazitumia kuuomba. Zaidi ya hapo sina hakika, na mimi ni mtu anayeumia akikosa hakika.

Ijumaa huwa naenda kwa Baba Wangechi. Vidole vyake vimejikunja na havishiki kitu, kwa hivyo Mama Wangechi humnywesha chai. Wiki iliyopita alinipa kikombe nishike mimi, yeye akaenda kukamua. Mzee aliniambia tuombe kwanza. Nikamwambia aombe yeye, mimi sala hunipotea. Alifumba lile jicho lake moja lililobaki.

"Baba, tulinde," alisema. Akafumbua. "Na wewe shika vizuri. Hiyo chai ni moto."

Nilikishika kwa mikono yote miwili, nikaipuliza, nikamsogezea polepole.