Lita za Vedasto

Nilipofika Ziba safari hii, hata mzigo sijautua, muuza mbuzi mmoja akaniuliza, "Mzee, rafiki yako mnywa mafuta hajambo? Au siku hizi anaruka na ndege yake mwenyewe?" Wenzake wakacheka. Puge nako nilikuwa nimeambiwa kwamba aliuza mapipa arobaini ya mafuta. Njia hii ya zamani ya misafara nimeipita miaka mingi, kwa miguu na kwa malori, na sijaona uongo uliotembea vizuri kama huu. Mimi si mtu wa hasira, lakini hili limenikaa kooni.

Wanayemsema ni Vedasto wa Cheyo, Tabora mjini. Miaka kumi na mmoja aliijazia mafuta ndege ya kampuni iitwayo Mbayuwayu. Kila asubuhi alichota mafuta kidogo kwenye chupa ya kioo, akaiinua kwenye mwanga kuangalia kama yameingia maji, kisha akapima tangi kwa kijiti na kuandika lita. Kwa mkono wake huo, usharika wetu wa Moravian ulimpa kazi ya kupima asali ya sikukuu ya mavuno. Kwetu Unyamwezi hiyo si kazi ndogo. Mtu analeta asali ya mizinga yake, na akishasema mpimaji, hakuna anayepima tena.

Kisha mkubwa wa Mbayuwayu akasema redioni kwamba kampuni imepata hasara kubwa ya mafuta. Wiki hiyohiyo wakafunga kituo cha Tabora na kumwachisha Vedasto kazi. Watu wakaunganisha wenyewe. Sisi tukisikia hasara ya mafuta, tunajua tangi limepungua, na tangi alilishika nani? Mavuno yalipofika, Eustace, mzee wa kanisa aliyebatizwa siku moja na Vedasto, akamwambia, "Ndugu yangu, mwaka huu pumzika kidogo." Asali akapima Eustace.

Tangu siku hiyo Vedasto akawa anakaa benchi la nyuma kabisa.

Ukweli ulikuja baada ya mwaka, gazetini. Nilisomewa mara mbili ndipo nikaelewa. Mafuta yalipopanda bei dunia nzima, wakubwa wa Mbayuwayu waliogopa yasizidi kupanda, wakafunga mkataba wa kuyanunua kwa bei ileile ya juu miaka miwili mbele; kisha bei ikashuka. Ni kama wewe Februari unakubali kununua mahindi ya Agosti kwa laki moja gunia. Agosti inafika, gunia ni elfu arobaini na tano, na laki lazima uitoe. Sawa, mtu hukosea. Kinachonichoma ni walichofanya baadaye. Hasara hiyo waliitaja redioni kwa mdomo tu, lakini vitabuni hawakuiandika kuwa hasara, waliiweka pembeni, eti bei itapanda tena na itajifuta. Wakaguzi wakawalazimisha kuandika upya hesabu za miaka mitatu. Serikali, kwa kuhofia watu kukosa usafiri, ikawapa mabilioni ya kodi yetu. Mkubwa yule yupo kitini mpaka leo. Na Tabora halikupotea hata kopo.

Mwezi uliopita nilikuwa kwa Vedasto, tunakula, akaingia Deus, afisa wa Mbayuwayu, na bahasha mkononi.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba," nikajibu mimi. Vedasto aliendelea kula.

"Mzee Vedasto, msaada umetoka, ndege inarudi. Weka saini hapa, Jumatatu unaanza."

"Niandikie mstari mmoja kwanza, kwamba Tabora haikupungua lita. Nikausome kanisani."

"Hilo limo kwenye hesabu zilizosahihishwa, mzee."

"Nimetajwa humo?"

"Ripoti haitaji watu wa chini."

Recheli, mke wa Vedasto, akaweka bakuli la mboga chini. "Miaka mitatu mmeweza kuiandika upya, mwanangu. Mstari mmoja ndio umewamalizia wino?"

Deus akasema hana mamlaka. Vedasto akamrudishia bahasha yake.

Jumapili, wakati wa matangazo, Vedasto alikwenda mbele na madaftari ya miaka mitatu ile, aliyojinakilia mwenyewe kila siku kazini. Hakusalimia. Akaanza kusoma: tarehe, lita zilizokuwepo, zilizotoka, zilizobaki. Siku baada ya siku. Kwaya ilikuwa imesimama tayari, ikakaa. Alipomaliza mwezi wa pili, Eustace akasema taratibu, "Ndugu yangu, tumekuelewa."

"Hamjanielewa. Bado miezi thelathini na minne."

Akaendelea. Jua likasogea madirishani na hakuna aliyetoka, hata kina mama wenye watoto. Kwenye mwezi wa tisa sauti ikamkatika kabisa.

Eustace akainuka kwenye benchi la wazee, akaenda mbele, akalichukua daftari mikononi mwake na kutafuta kwa kidole pale alipoishia.

"Tarehe kumi na nne, Alhamisi," akasoma. "Zilikuwepo lita elfu nne na mia mbili. Zimetoka elfu moja na mia tisa. Zimebaki elfu mbili na mia tatu." Akageuza ukurasa.