Blanketi Kutoka Kiambi

Miaka ile ya Zaire, mama jirani yetu pale Kalemie hakufagia ndani kwa ufagio mkavu. Alipiga magoti, akapangusa saruji kwa kitambaa chenye maji, pole pole, kama anayemnawisha mgonjwa uso, kwa kuwa vumbi kidogo tu lilimbana kifua binti yake Noëlla hata akakosa pumzi. Mashuka aliyachemsha kwenye sufuria kubwa, na mikono yake ilikuwa imebabuka kwa maji moto na sabuni. Kiangazi kimoja mama mkwe wake alifika kutoka Kiambi na blanketi la zamani, zawadi ya mjukuu. Jirani yetu alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akalitia moja kwa moja katika maji yanayochemka. Sote uani tulimgeukia mama mkwe.

“Unaniona mimi muchafu?” mama mkwe aliuliza.

“Hapana, Mama. Vumbi njo inaua mutoto. Hata nguo zangu ninachemsha.”

Alisema kwa sauti ya chini, wala hakulitoa blanketi. Mama mkwe alimsikiliza Noëlla, aliyekuwa akiimba ndani bila kukatika pumzi. Kisha akafungua kitenge cha juu alichosafiri nacho, akamkabidhi mkwewe akitie sufuriani.