Moshi Katika Chupa za Guracha

Nani alikudanganya kwamba sayansi haiwezi kukaa mtaa wa Chechelesi? Guracha amekulia hapo, nyuma ya kibanda ambapo mama yake, Abiba, huuza maziwa ya ngamia. Leo yuko kwenye maabara ndogo ya chuo kimoja mjini Isiolo, akichunguza kimeng'enya (enzaimu) cha bakteria waliotoka kwenye maziwa hayohayo.

Ndani ya bakteria kuna molekuli ndogo, tRNA, zinazobeba vipande vya kujengea protini. Kimeng'enya hiki hubadilisha herufi moja tu kwenye mojawapo ya molekuli hizo, na mzigo wake unakuwa mwingine kabisa. Nyumbani Guracha hueleza kwa chapa ya ngamia: ongeza mstari mmoja tu, na ngamia ni wa boma lingine. Bila alama hiyo bakteria hujenga protini mbovu na kufa.

Kwa hivyo alichukua bakteria ambao kimeng'enya chao hufanya kazi kwenye baridi tu na huharibika kwenye joto, akawapa jeni ya kimeng'enya hicho kutoka kwa wale wa maziwa. Wakiishi kwenye joto, ameshinda. Lakini kila alipojaribu, hakuna kilichoota, na mkuu wa maabara alikuwa amesema wazi: ukishindwa tena, meza hii inapewa mtu mwingine.

"Labda hicho kimeng'enya kinajua kuuza maziwa tu," Nakolong, fundi wa maabara, alimtania.

"Cheka tu, dada. Kesho utanipikia chai."

"Ngoja kwanza. Hata wale wazima, wa kulinganisha, wamekufa?"

"Hata wao."

Nakolong akachukua chupa tupu, akanusa. "Wewe! Hii inanuka kibuyu cha mama yako. Umeifanya nini?"

"Nimeziosha zote, nikazifukiza vizuri na..." Akaichukua chupa, akainusa mwenyewe. Nyumbani chombo hakihesabiwi kuwa safi mpaka kifukizwe moshi wa kuni, maziwa yasiharibike upesi. Moshi huohuo ulikuwa ukiwamaliza bakteria wake.

"Wallahi, nimewaua mwenyewe!"

"Basi acha kuomboleza, leta chupa mpya."

Wakaanza upya jioni hiyohiyo.

Asubuhi iliyofuata Guracha alifungua kabati la joto. Chupa ya bakteria wasiopewa jeni ilikuwa angavu kama maji ya kunywa. Ya waliopewa ilikuwa nyeupe kama maji ya mchele, imejaa bakteria hai! Alipiga ukelele uliofika langoni. Meza ilikuwa bado yake.

Nakolong aliingia, akaitazama chupa mara moja, akaweka mkoba chini, akaenda kuwasha jiko la chai.