Shemeji wa Viraka

Nilipostaafu kazi kwenye kiwanda cha karatasi kule Mgololo, mke wangu alikuwa ameshazoea maisha ya Mbeya. Alitangulia miaka michache kuangalia nyumba yetu, na alikuwa na bustani yake, kwaya yake na marafiki zake. Mimi nikaingia na begi langu kama mgeni. Asubuhi nilizunguka matuta ya viazi mara mbili kabla ya chai, halafu sikujua tena mikono yangu niipe kazi gani.

Kila Jumamosi mchana marafiki wawili wa mke wangu walikuja kushona. Mmoja alikuwa fundi cherehani, mzaliwa wa Chimala, aliyebeba mfuko wa mabaki ya vitenge vya wateja wake. Mwingine alikuwa mwalimu mstaafu, mwembamba, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba. Walikuwa wanatengeneza blanketi la viraka la mjukuu wetu wa kwanza, ambaye binti yetu alikuwa karibu kumzaa huko Iringa. Juu vipande vya vitenge vilivyounganishwa, katikati blanketi kuukuu jembamba, chini shuka. Mimi nilikaa chumbani na redio, nikiwasikia wanacheka. Nakiri, niliona wivu.

Jumamosi moja ya Juni, ukungu umeshuka mpaka madirishani, nilitoka kutafuta chai. Nikawakuta wamepiga magoti sebuleni, kila mmoja anavuta kona yake ya kitambaa. Katikati kilikuwa kimevimba kama andazi.

"Tatizo ni uzi," alisema mwalimu.

"Uzi hauna kosa," fundi akajibu. "Labda hivi vitenge vimesinyaa baada ya kufuliwa."

Sikuwa nimeulizwa, lakini nilisema. "Vipande vyenu havilingani. Hiki kimeelemea kushoto. Na hiki kina pembe nne, ila hakuna pembe inayofanana na mwenzake."

Wakanitazama. Mke wangu akaweka sindano chini taratibu, nikajua nitasemwa wageni wakiondoka. Fundi ndiye aliyecheka kwanza.

"Basi, shemeji, badala ya kusimama hapo na kikombe, njoo ukate wewe."

Nikaleta karatasi ngumu ya kalenda ya zamani, rula na kalamu. Kiwandani nilikuwa upande wa kukata, na mraba ni kitu ninachokijua hata nikifumba macho. Nilikata mraba mmoja wa karatasi, nikauweka juu ya kitenge, nikachora kwa chaki ya fundi, nikakata. Nilipofikisha vipande kumi nilivipanga, vikakaa kama karata mpya. Mwalimu akavaa miwani, akavikagua kimoja kimoja kama anasahihisha madaftari, halafu akasema, "Vizuri." Sikumbuki kama kuna bosi aliyewahi kunifurahisha kiasi kile.

Walifumua kazi yote, wakaanza upya, na kuanzia siku hiyo nikawa na kiti changu. Tulikula viazi vya kuchemsha na chai ya tangawizi. Fundi alijua habari ya kila kipande. Hiki kilibaki kwenye gauni la bibi harusi aliyenenepa wiki mbili kabla ya harusi. Hiki ni cha wanakwaya waliogombania rangi mpaka wakashonewa mbili. Mke wangu, ambaye nilipokuwa kiwandani nilimwona mwisho wa mwezi tu, nilimgundua ni mchekeshaji. Sikuwa nimejua.

Kukata kulipokwisha wakanipa sindano. Kazi yangu ilikuwa kushikiza matabaka matatu kwa mkono ili yasiteleze kwenye cherehani. Nikatandaza blanketi mapajani, nikashona safu nzima bila kuinua kichwa. Ndipo mzee wa kanisa akabisha hodi. Nikasimama kwa heshima kumpa mkono, na blanketi nalo likasimama. Nilikuwa nimelishona na suruali yangu, goti hadi goti.

Mwalimu alishika ukuta. Fundi alikaa sakafuni. Mke wangu alicheka mpaka machozi, akajifutia kona ya lile lile blanketi. Mzee wa kanisa hakucheka. Alinipa mkono, akashika upande wa pili wa blanketi ili lisiburuzike, akasubiri hivyo hivyo huku fundi akinikatia nyuzi kwa wembe, moja moja.

"Pole sana, mzee mwenzangu," akaniambia. Alipofika getini tukamsikia akicheka peke yake.

Mtoto alizaliwa Agosti, wa kike. Tulikwenda Iringa wote wanne, maana marafiki walikataa katakata kubaki. Mama mkwe wa binti yetu alitupokea, akalipokea blanketi kwa mikono miwili, akalikagua mbele na nyuma kama mtu anayejua kushona. Akagusa safu moja iliyopinda kama njia ya ng'ombe.

"Hapa mlimpa mtoto ajifunzie?"

"Hapo nilishona mimi," nikasema.

Akaziba mdomo. Kisha akaja mpaka kwenye kiti changu, akainama, akaanza salamu upya tangu mwanzo: "Kamwene." Nami nikaitikia kwa Kihehe changu cha kubahatisha, na hapo hata binti yangu, aliyekuwa bado mchovu wa uzazi, akacheka. Akamlaza mwanawe juu ya viraka, naye akapiga chafya akaendelea kulala.

Kwenye basi la kurudi Mbeya wale wanawake watatu walibishana rangi za blanketi la mwalimu, kwa kuwa sasa ilikuwa zamu yake kushonewa. Mimi nilisema bluu. Hawakunisikiliza, tukabishana mpaka tunashuka.